Kawa Iliyopima London na Roma

Kutoka London mpaka Roma ni maili mia tisa. Ndege iendayo maili mia mbili kwa saa hufika kwa muda wa saa nne na nusu. Nakwambia mapema ili usije ukanibishia huko mbele, maana subira yangu ni fupi, na wako watu wawili hapa mtaani kwetu Mtanda ambao mpaka leo hatusalimiani vizuri kwa sababu ya maili hizo.

Mimi ni Kudra binti Likwata, msusi wa ukili, ule mkanda wa miyaa ya mkindu unaoshonwa. Mikeka, majamvi, vitanga, kawa za kufunikia chakula, vyote vimepita mikononi mwangu. Ukiweka kawa ya Kudra juu ya sinia la wali, nzi wanahamia kwa jirani. Sijisifu, nasema lililopo. London sijafika, na Roma naijua kwa kuisikia kwa watu wa misheni. Lakini mwaka ule wa elfu moja mia tisa na hamsini, miji hiyo miwili iliingia nyumbani kwangu bila hodi, na kidogo tu imharibie mwanangu maisha.

Mwanangu ni Maftaha. Baba yake, Bakari, alifariki mtoto akiwa hajaota meno ya pili, nikamlea kwa miyaa. Kila ukili niliousuka ulikuwa daftari, au kalamu, au gauni la skuli. Alipokwenda chuo cha ualimu ndugu zangu walisema nimempoteza. Alirudi na cheti, akapewa darasa la nne katika skuli ya wasichana hapa Lindi. Wa kwanza katika ukoo wetu kushika chaki! Wiki ile ya kwanza nilikuwa napita mbele ya skuli kila siku na kikapu kitupu, kama niendaye sokoni, ili nisikie sauti yake tu.

Skuli ile iliishia darasa la nne. Wasichana wakifika hapo walirudishwa nyumbani kuchagua mchele na kungoja posa. Ndipo zikaja habari kwamba serikali itafungua darasa la tano, ikiwa mkaguzi ataridhika kwamba yupo mwalimu wa kulifundisha. Asiporidhika, hakuna darasa. Maftaha alilitaka darasa lile kuliko alivyowahi kutaka nguo au mume. Alikuwa na wasichana thelathini na wanane, na majina yao aliyataja hata akiwa anapepeta unga.

Mkaguzi angekuja Jumatano. Ijumaa iliyotangulia, baada ya sala ya adhuhuri, Maftaha aliingia uani na ramani ya ukutani ameikunja kwapani, macho mekundu.

"Nani kakuliza?" nikamwuliza.

"Hakuna, mama."

"Huyo Hakuna ana jina?"

Akakaa kwenye jamvi. "Mwalimu Laurenti."

Laurenti alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wavulana, mtu wa kutoka upande wa Masasi, na skuli ya wasichana nayo iliwekwa chini ya uangalizi wake. Suruali yake aliipiga pasi hata ungeweza kukatia ndimu kwa ule mkunjo. Wakati ule sikumpenda. Sasa nasema kwa haki kwamba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa rula.

Kisa kilikuwa hiki. Asubuhi ile ndege ilipita juu ya mji ikienda kutua, wasichana wakakimbilia madirishani. Mwalimu mwingine angewachapa. Mwanangu aliwaacha wakashiba kutazama, kisha akaandika hesabu ubaoni: ndege iendayo maili mia mbili kwa saa inatoka London kwenda Roma, itachukua muda gani? Umbali wa miji hiyo alikuwa ameunakili chuoni katika daftari lake, maili mia tisa. Wasichana wakagawanya, wakapata saa nne na nusu, wote wakafurahi. Akapita Laurenti, akasimama mlangoni, akasoma ubao. Akachukua rula, akapima kwenye ramani ya ukutani, akalinganisha na kipimo kilichochapwa chini yake. Akapata maili elfu moja na mia tatu. Saa sita na nusu.

"Ili asinionee," Maftaha alisema, "akapima na Lindi mpaka Mombasa kwa rula ileile. Ikatoka sawasawa, kama ilivyo katika vitabu vya serikali. Akasema mbele ya watoto, 'Mwalimu, kalamu imeteleza.' Na akasema ni wajibu wake kumwambia Bibi Mkaguzi."

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesema nini, mama? Ramani ni ya serikali. Daftari ni mwandiko wangu."

Akaikunjua ile ramani juu ya mkeka wangu mpya, akapima tena kwa uzi wangu wa kushonea. Maili elfu moja na mia tatu. Akapima mara ya pili, nikamshikia ncha ya uzi. Ileile. Akaweka mikono mapajani.

"Nilinakili vibaya. Jumatano nitamtangulia Mwalimu Laurenti, nitaomba radhi mwenyewe. Darasa la tano wampe mtu mwingine, au waliache."

Hapo hasira ikanipanda. Nilimkasirikia Laurenti, nikaikasirikia serikali, na zaidi nilimkasirikia yeye kwa kukata tamaa upesi hivyo mbele ya karatasi. Nikainama kuitazama hiyo karatasi yenyewe. Hayo maandishi yao siyajui, lakini mistari naijua, ndiyo kazi yangu.

"Hii mistari iliyosimama, ni ya nini?"

"Ni ya kuigawa dunia, mama. Inatoka ncha ya kusini, inakwenda ncha ya kaskazini. Kwenye dunia yenyewe inakutana juu, kwa sababu dunia ni mviringo."

"Inakutana?"

"Yote. Kwenye ncha moja."

"Mbona hapa haikutani?"

Kwa kweli haikukutana. Ilisimama kama boriti, chini mbalimbali na juu mbalimbali vilevile.

"Basi huyu aliyechora ameongeza ukili," nikamwambia. "Kawa inaanza kileleni, inatanuka mpaka pindoni. Mistari yake inakutana kileleni. Ukitaka kuilaza chini mistari isimame hivi, huna budi uvute kule juu mpaka kuwe na upana wa pindo. Hiyo London yako iko wapi? Kule juu? Basi imevutwa. Na sisi tuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidole. Tulikuwa chini, karibu na ule mstari wa katikati ya dunia.

"Sisi tuko pindoni. Pindo halivutwi. Ndiyo maana Mombasa ikatoka sawa."

Nilikuwa nimechangamka, nimeshaona jambo lote lilivyo, kama mtu anayeona mshono uliokosewa kutoka mbali. Maftaha akaanza kuikunja ramani yake. Alikuwa amechoka, najua. Lakini alisema, na nilisikia vizuri: "Mama, tafadhali. Haya si mambo ya ukili."

Nilichomwa. Ukili ndio uliomfikisha hapo, na sasa haukutosha hata kusikilizwa. Nikarudi kwenye miyaa yangu, nikasuka mpaka jua linakuchwa, na ukili wa jioni ile nilikuja kuufumua wote kwa jinsi ulivyokaza. Tangu Ijumaa mpaka Jumanne tulizungumza habari za chumvi na maji tu. Wanaonijua wanajua kwamba kunyamaza siku nne kwangu ni sawa na kufunga Ramadhani mbili.

Wazazi tulikuwa tumeombwa tupike chakula cha mgeni. Hasira ni hasira, lakini mwanangu hawezi kuaibika kwa wali. Nilipika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, nikaweka sinia kichwani, na juu ya sinia nikafunika kawa yangu ya Idi.

Kawa ile nilikuwa nimeisuka miezi mitatu. Ilikuwa na mistari minane ya zambarau, imetoka kileleni imeteremka mpaka pindoni bila kupinda hata mmoja, na katikati ya mistari nakshi za vijicho vyekundu vinavyopungua kadiri unavyopanda juu. Bibi harusi watatu waliomba kuiazima nikawakatalia. Na kwetu kawa haikatwi. Mama yangu alinifunza kwamba kawa ikichakaa hufumuliwa uzi wake polepole, ukili ukatumika kwingine. Kuipitishia mkasi ni kumtukana aliyeisuka.

Njiani nikakutana na jirani yangu Adija, naye ana mtoto darasa la nne, amebeba birika la chai.

"Shoga, kawa ya Idi unamfunikia Mzungu?"

"Namfunikia mwanangu," nikamjibu, nikaongeza mwendo.

Tuliweka vyakula kwenye meza ya nyuma, ndani ya darasa, kisha tukatolewa nje. Wanawake tukasimama kwenye dirisha la nyuma, tukijidai tunangoja vyombo.

Bibi Mkaguzi alikuwa mwanamke Mwingereza mrefu, mvi zimeanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi wetu. Alisikiliza wasichana wakisoma, akatazama mishono yao, akapitia madaftari. Kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha Laurenti akasimama na rula yake, akaeleza habari ya London na Roma kwa adabu, bila kuongeza chumvi. Akapima tena mbele ya wote.

"Maili elfu moja na mia tatu, Bibi. Na Lindi mpaka Mombasa, hii hapa, sahihi kabisa."

Bibi Mkaguzi akamgeukia mwanangu. "Na wewe, mwalimu?"

"Maili mia tisa," Maftaha alisema. Hakuomba radhi! Nilishika nondo ya dirisha. "Ndivyo tulivyosomeshwa chuoni, Bibi."

"Mmoja kati yenu amekosea, na mimi najua ni nani. Lakini sitasema. Kitabu na ramani vikigombana, mwalimu wa darasa la tano anaamuaje? Sitaki jibu. Nataka sababu."

Maftaha akaitazama ramani, kisha ubao, kisha mikono yake. Nikaona midomo yake inatetemeka kama alipokuwa mdogo akiulizwa nani kamwaga maziwa. Adija akaanza kusoma dua chinichini. Mimi dua zote zilinipotea, nikabaki nasema moyoni jina lake.

Bibi Mkaguzi akafungua daftari lake, akashika kalamu.

Hapo Maftaha akageuka. Akatembea kati ya madawati mpaka nyuma, kwenye meza ya chakula, akainua kawa yangu kwa mikono miwili. Akarudi nayo mbele. Akamwambia msichana aliyekaa karibu na sanduku la ushoni, "Nipe mkasi."

Adija akanishika mkono. "Yallah, Kudra, anataka kufanya nini?"

Nilijua anataka kufanya nini.

"Dunia ni mviringo," Maftaha aliwaambia wasichana, na sauti yake ilianza kushika. "Chukueni kama hii kawa ni nusu yake ya juu. Kileleni ni ncha ya kaskazini. Pindoni ni mstari wa katikati ya dunia. Sisi wa Lindi tuko karibu na pindo. London na Roma ziko huku juu. Mistari hii ya zambarau ndiyo mistari iliyosimama kwenye ramani. Inafanya nini kileleni?"

"Inakutana!" wakajibu.

"Sasa aliyechora ramani alitaka kuilaza dunia hii iwe bapa kama karatasi."

Akaingiza mkasi pindoni, kwenye mstari wa kwanza. Mkono ukasimama. Akainua macho kunitafuta, akaniona dirishani. Nilimwona anavyoogopa. Miezi mitatu ya vidole vyangu ilikuwa kati ya makali mawili, na maneno ya Ijumaa yalikuwa bado hayajaombewa radhi.

Roho iliniuma, sidanganyi. Lakini yapo mambo mama hangoji kuombwa.

"Kata!" nikapiga kelele. "Kata, mwanangu! Kata mpaka kileleni!"

Kila mtu akageuka kunitazama, Laurenti, Bibi Mkaguzi, hata Mzungu aliyemleta, aliyekuwa akingoja garini nje. Mimi sikumtazama yeyote ila yeye. Akakata. Sauti ya mkasi ndani ya ukili mkavu niliisikia mpaka kwenye meno. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka vikatoka vipande vinane, kila kimoja kipana chini na chembamba juu.

Akavipanga juu ya meza, pindo kwa pindo, vimegusana vizuri chini. Huko juu vikaachana, ncha moja huku, nyingine kule, na baina yake mapengo.

"Mnaona nini?"

"Mapengo, mwalimu!"

"Kwenye ramani ya ukutani kuna mapengo?"

Wakatazama. "Hakuna!"

"Yamekwenda wapi?"

Msichana mmoja mdogo wa mbele, jina lake Siti, akasimama bila kuruhusiwa. "Wameivuta nchi, mwalimu! Wameivuta ikajaza!"

"Wameivuta," Maftaha akasema, sasa yu mrefu, wallahi nilimwona amerefuka. "Kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo ilivyovutwa. Kipimo kilichochapwa chini ni cha pindoni. Hapa kwetu kinasema kweli, ndiyo maana Mombasa ilitoka sawa. Kukipeleka Ulaya ni kupima nguo iliyonyooshwa. Rula ya Mwalimu Laurenti haikukosea. Ramani imevutwa. London na Roma ziko karibu kuliko zinavyoonekana, maili mia tisa, na ndege itafika kwa saa nne na nusu."

Laurenti alisogea mezani. Akakusanya vipande viwili, akavisimamisha, akaviunganisha juu, akaviachanisha tena. Nilimngoja abishe, nimeshaandaa ya kumwambia. Akatoa leso, akafuta paji la uso.

"Nimefundisha kwa ramani hii miaka kumi na moja," alisema. Kisha akamgeukia Maftaha mbele ya wasichana walewale wa Ijumaa. "Kalamu iliyoteleza ni yangu, mwalimu. Niwie radhi." Tangu siku ile nampa salamu kamili, na suruali yake siisemi ila hapa.

Bibi Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza akafunga daftari. "Darasa la tano litafunguliwa Januari," alisema. "Mwalimu wake nimemwona."

Sisi wa dirishani tukapiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka paani. Adija, aliyenihurumia kawa dakika kumi nyuma, ndiye aliyepiga kikubwa kuliko wote. Nilijivuna. Sitaki kusema nilimshukuru Mungu kwa unyenyekevu, maana shukrani ilikuja baadaye kidogo. Kwanza nilijivuna.

"Jambo moja," Bibi Mkaguzi aliuliza vigelegele vilipopungua. "Nimekagua skuli nyingi. Somo hili sijaliona kwa mwalimu yeyote. Walikufundisha chuoni?"

"Hapana, Bibi," Maftaha alisema. "Nilifundishwa Ijumaa nyumbani, nikakataa kusikia. Mwalimu wangu ni yule."

Akanyoosha mkono dirishani. Nikatazama nyuma yangu, kuna ukuta tu.

"Mama," akaita. "Ingia."

Mimi darasani sikuwahi kuingia isipokuwa kuweka sinia. Nilizunguka mlangoni na kanga yangu inanuka moshi, viganja vyekundu kwa rangi ya miyaa, nikavua viatu kizingitini kwa sababu sikujua kama vinavuliwa ama havivuliwi. Maftaha alikuwa amesimama kando ya meza, vipande vinane vya kawa mbele yake, machozi yanamtoka wala hayafuti. Akasogea, akaniachia mahali pake pa kusimama, pale mbele ya ubao.

Madawati yakasukumwa yote kwa pamoja. Wasichana thelathini na wanane wakasimama wima, mikono ubavuni, kama wafanyavyo anapoingia mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu!"

Nikanyoosha mgongo.

"Marahaba, wanangu," nikasema. "Kaeni."

Wakakaa.